Masikio ya Mpiga Tarumbeta

4 Machi

Kwa dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku hatujambo, isipokuwa mimi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika, barua nzima imeharibika tangu mwanzo. Wifi yako anakusalimu. Mtoto anauliza kama shangazi yake anayefuga vijidudu amevipa majina au bado.

Simu nimeiacha makusudi. Nikiongea kidogo tu kikohozi kinanikata, halafu utaanza kulia, na mimi sihitaji machozi yako, nahitaji akili yako. Barua haikohoi.

Habari yenyewe ni hii. Kliniki wanataka kunianzishia dawa za kifua kikuu kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilimeza mpaka mwisho, sikuruka hata kidonge. Mara ya pili vilevile, Wifi yako ni shahidi, alinisimamia kama askari jela. Kikohozi kinapungua, kinarudi. Na muda wote huo, Dada, hawajawahi kumwona mdudu wa kifua kikuu kwenye makohozi yangu, hata mara moja. Wanaangalia picha ya kifua, wanaona doa, wanasema ni yuleyule.

Safari hii wanaongeza sindano za kila siku. Nikamuuliza Sista wa kliniki zina madhara gani. Ni mtu mkweli, akaniambia kuna watu zinawaharibu masikio, na yakishaharibika hayarudi. Nikamwambia, "Sista, mimi ni mpiga tarumbeta. Nikikosa meno nitaweka ya bandia. Nikikosa masikio nitapiga kwa kukisia?" Akainamia kadi yangu. Aliyenijibu ni daktari mwenye kliniki. Alisema kati ya mapafu na muziki, mtu mwenye akili timamu anajua achague nini.

Mimi nimesema sichomwi. Amenipa mpaka mwisho wa Mei nifikirie, baada ya hapo ataniandika mtoro wa dawa na nisikanyage kwake tena. Wewe miaka yote hii unachunguza vijidudu kwenye mapafu ya watu usiowajua. Haya, mapafu ya ndugu yako ndiyo haya.

Mdogo wako,
Honi

11 Machi

Kwako Honi,

Natumaini barua hii inakukuta unapumua vizuri kuliko ulipoandika yako. Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka tangu niliposoma. Msalimie sana wifi yangu, na umwambie aendelee na uaskari jela. Mtoto mwambie vijidudu vyangu ni vingi mno, majina yataniishia.

Sasa sikiliza. Nenda kituo cha afya cha hapo mtaani, nimeshaongea nao, watakupa vikopo. Asubuhi, kabla ya kula, sukutua mdomo kwa maji yaliyochemshwa, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Sitaki mate. Mate ninayo yangu. Nataka yale mazito yanayokutia kinyaa. Wao watayafunga kwenye kisanduku cha barafu na kuyaleta.

Profesa, mkuu wa maabara yetu, hapendi sampuli zinazoingia kwa mlango wa nyuma. Basi hii itaingia kwa mlango wa mbele, nimemwambia usoni ni ya ndugu yangu. Amekunja uso. Na akunje.

Sikwambii ukatae dawa. Mimi si daktari wa watu, ni daktari wa vijidudu vyao. Inawezekana kabisa ni kifua kikuu, na kama ndicho, nitakuja mwenyewe kukushika mkono uchomwe. Mpaka nijue, lala chumba cha peke yako, madirisha wazi, na ukitema damu au homa ikipanda nenda hospitali, usiningoje mimi. Lakini kumchoma mtu dawa ya kumtia uziwi kwa sababu ya mdudu ambaye hakuna aliyemwona, hapo tunakataa wote wawili.

Jambo moja la mwisho. Niandikie unachofanya kutwa nzima ambacho jirani yako hafanyi. Unavuta vumbi gani, moshi gani, unashika nini. Usinifiche kwa aibu. Nimeshaona makohozi ya watu wa kila cheo, sishangazwi.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Tumepokea salamu zako na tunazirudisha zikiwa na riba. Vikopo vimeondoka leo. Kukohoa kwa amri ni kazi ngumu, asikudanganye mtu. Siku zote kifua kinanifukuza kitandani, lakini nilipokishikia kikopo kikatulia kama mtoto aliyeona wageni. Wifi yako akanichekesha kwa makusudi, ndipo yakatoka. Dereva aliyepakia kisanduku akauliza kuna nini ndani, nikamwambia ni zawadi ya dada. Akasema dada ana bahati.

Ulichouliza, ninachofanya ambacho jirani hafanyi, ni kimoja tu: napuliza. Asubuhi mazoezi, jioni harusi, mwisho wa wiki ndiyo usiseme. Na bendi yetu haipulizi kama bendi nyingine. Kapteni, kiongozi wetu, ana mtindo wake, na ndio uliotupa jina. Hatutoi mdomo kwenye tarumbeta ili kupumua. Mdomo ukibanduka, anasema, wimbo unatoboka. Kwa hiyo pumzi tunaivutia humohumo. Unapuliza, unavuta, unapuliza. Ukishazoea huoni tabu, ila kuna ladha fulani, kama maji ya maua yaliyokaa chomboni wiki nzima. Sisi tunaiita chumvi ya kazi.

Halafu kuna sheria yake ya pili: tarumbeta haliguswi na maji kwa ndani. Nje ling'arishe mpaka ujione meno, ndani liache. Anaamini sauti tamu inatokana na huo uchafu wa miaka, ukiuosha umeifukuza. Hili langu lilikuwa la mpigaji wa kwanza wa bendi, marehemu, ambaye naye walisema ni kifua kikuu. Kabla yake lilikuwa la mwingine. Hakuna aliyewahi kuliosha. Siku nilipokabidhiwa Kapteni aliniapisha mbele ya wote, na mimi nikaapa nikiwa na furaha kama bwana harusi.

Sijui kama hayo yanakusaidia. Vumbi sina, sigara sivuti, na jikoni hawaniruhusu.

Mdogo wako,
Honi

2 Aprili

Honi,

Salamu baadaye. Acha kupuliza leo hii.

Si kifua kikuu. Nimeangalia, nimerudia, nikampa mwenzangu wa maabara tunayemwita Miwani naye aangalie bila kumwambia ni ya nani. Kilichoota kwenye visahani vyangu ni bakteria wengine, binamu wa yule wa kifua kikuu, wanaoishi kwenye maji yaliyotuama na mabomba machafu. Kwa kawaida hawana habari na mtu. Lakini mtu akiwavuta kifuani kila siku, mwaka baada ya mwaka, wanajenga humo na kuhamishia ukoo. Dawa ulizomeza mara mbili haziwafanyi kitu. Nimewaogesha nazo, wakanenepa. Na ile sindano wanayotaka kukuchoma nimewajaribu nayo pia. Haiwagusi. Ungekuwa kiziwi bure.

Mdogo wangu, umekuwa ukivuta pumzi kupitia bomba ambalo halijaoshwa tangu kabla hujazaliwa! Lioshe. Maji ya moto, sabuni, dawa ya kuulia vijidudu, rudia mpaka mikono ichoke. Kapteni akiwa na la kusema mwambie aniandikie mimi.

Karatasi ya majibu nimeambatanisha. Ipeleke kliniki.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Hujambo? Wifi yako anakushukuru mpaka ananitia wivu. Alipoisoma barua yako alikaa chini akacheka na kulia kwa pamoja.

Nimeliosha. Yaliyotoka humo sikuandikii, nitakuharibia chakula, na wewe si mtu wa kuharibikiwa chakula kirahisi. Kesho yake nikaenda mazoezini kuwaambia wenzangu. Kapteni akalichukua, akalinusa, akasikia harufu ya dawa. Hakupiga kelele. Alisema, "Umemuua mara ya pili," akimaanisha marehemu, akanirudishia na kunionyesha mlango. Nikamwambia hilo tarumbeta ndilo linaloua. Wenzangu wote wakaangalia viatu vyao. Sasa sina bendi.

Kliniki nako ni hivyohivyo. Daktari aliisoma karatasi yako akiwa amesimama. Akasema bakteria hawa wamejaa kwenye maji ya bomba, huenda waliingilia kwenye maabara yenu. Akasema maabara ya utafiti si hospitali. Akasema mtafiti ni dada wa mgonjwa. "Niletee ushahidi wanakotoka," akasema, "la sivyo sindano ziko palepale." Nikamjibu nitauleta. Nilisema kwa sauti, benchi zima la wagonjwa likasikia, kwa hiyo sasa lazima tuulete.

Ni nini hicho ushahidi, na tunaupata wapi?

Mdogo wako asiye na bendi,
Honi

15 Aprili

Mdogo wangu,

Poleni wote, na wewe pole zaidi kwa ya Kapteni. Najua huyo mzee kwako ni nani.

Nimeharibu, Honi. Ushahidi ulikuwa mikononi mwako na mimi ndiye niliyekuamuru uumwagie dawa. Ilitosha upitishe kijiti chenye pamba mle ndani, unitumie, nioteshe, nilinganishe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekumbuka. Mimi nilisoma barua yako kama dada, nikajibu kama dada, nikasahau kazi yangu.

Nilimwomba Profesa ruhusa ya kuchunguza tarumbeta hivyohivyo. Akasema, "Utafiti wetu ni wa wagonjwa walio wodini, si wa wanamuziki." Nikamuuliza wanamuziki wanapumulia nini. Hakucheka. Akanikataza kutumia kisahani hata kimoja. Basi visahani nitanunua vyangu, na Miwani amesema kabati lake la joto la kuoteshea vijidudu lina nafasi.

Bado kuna njia. Maji yako na dawa yako hayakufika kila mahali. Tarumbeta lina kona, na kwenye kona kuna utando mgumu uliogandia chuma, huo hautoki kwa kuosha siku moja. Chini ya utando huo bado wako hai, nina hakika. Ila kijiti hakifiki huko.

Nataka unitumie tarumbeta lenyewe. Na nitalikata.

Dada yako

18 Aprili

Dada,

Salamu. Hapana.

Omba figo. Omba kitanda ninacholalia. Tarumbeta hili limenilisha mimi na nyumba yangu, na waliolishika kabla yangu wote wako chini ya ardhi. Sina bendi, pumzi sina, unataka nibaki na nini? Kama visahani vyako ni vya kweli basi vitoshe. Kama havitoshi, hilo ni tatizo lenu nyinyi mliosoma, msilimalizie kwangu na msumeno.

Usiniandikie tena kuhusu jambo hili.

Honi

2 Mei

Dada,

Natumaini u mzima, na kwamba kimya changu hakikukuumiza kama kilivyoniumiza mimi. Wifi yako hajaongea nami vizuri tangu ile barua, amekuwa ananipa chakula na kugeukia ukuta.

Juzi nilikwenda kliniki kuchukua dawa ya homa. Pembeni yangu kwenye benchi alikaa fundi viatu wa barabara ya sokoni, yule aliyekuwa anatushonea viatu vya bendi. Unamkumbuka kwa maneno yake mengi. Nikamsalimia, kimya. Nikamsalimia tena. Mkewe akamgusa bega, akanionyesha mimi, ndipo akatabasamu na kusema "Mzima!" kwa kelele mpaka watu wakageuka. Amemaliza zile sindano. Yeye kifua kikuu chake kilionekana kweli, simlaumu aliyemchoma, amepona kifua. Lakini mkewe alipotaka kumwambia jina lao limeitwa alimwandikia kwa kidole kwenye kiganja. Nikakitazama kile kidole kinavyotembea, nikaogopa, Dada. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu.

Tarumbeta limo humu kwenye sanduku. Nimelifunga kwa shati langu la harusi. Nimelipuliza mara ya mwisho, kwa kutoa pumzi tu, bila kuvuta, na mtoto akapiga makofi.

Usilionee huruma. Kona ya pili ndiyo iliyokuwa inakwama siku zote, anzia hapo. Ukishapata unachotafuta, mpelekee huyo daktari vipande, umwambie mwenye tarumbeta anavingoja.

Kata.

Mdogo wako,
Honi

12 Mei

Honi wangu,

Nakusalimu kwa heshima ambayo sijawahi kukupa, wala usiizoee.

Nimelikata. Miwani alishika, mimi nikavuta msumeno wa chuma tuliouazima kwa fundi bomba wa jengo. Lililia, mdogo wangu, mpaka watu wa ghorofa ya juu wakashuka kuuliza tunamfanya nani nini. Kwenye kona ya kwanza hakukuwa na kitu. Kwenye ya pili, ulipoonyesha, chuma kilikuwa hakionekani. Utando wa kijani, mzito, unavutika kama bamia. Nikaotesha. Waliotoka humo na waliotoka kifuani kwako ni walewale. Tumewalinganisha kwa kila njia tuliyonayo na Miwani akaniambia hawa si ndugu tu, ni nyumba moja.

Jana palikuwa na kikao cha madaktari hapa kwetu. Profesa alikuwepo, na daktari wako wa kliniki pia. Mimi sikuwa kwenye ratiba. Nikaingia, nikaweka vipande viwili juu ya meza katikati ya vikombe vyao vya chai, nikasema haya ndiyo yaliyo kifuani mwa mgonjwa mnayetaka kumtia uziwi. Chai hakuna aliyeimaliza.

Daktari wako aliinama akaangalia kwa muda mrefu. Namsifu kwa hilo. Kisha akasema, "Huyu ni mtu mmoja na tarumbeta moja. Siwezi kubadilisha matibabu kwa mtu mmoja. Nionyeshe wengine." Profesa yeye akanipa karatasi nitie sahihi kwamba sitachunguza tena ndugu, jamaa wala marafiki. Nikamuuliza sasa nichunguze maadui? Akasema nisipotia sahihi kabla ya mwezi kwisha, nitafute maabara nyingine. Sijatia, na sitatia.

Nahitaji matarumbeta mengine ya bendi yenu, yasiguswe na maji hata tone, pamoja na makohozi ya wanaoyapuliza. Najua umefukuzwa. Najua ninachokuomba. Nenda kwa Kapteni.

Dada yako

19 Mei

Dada mpenzi,

Tuko salama kiasi. Homa imenirudia, Sista ameniambia nisisafiri wala nisinyanyue kitu kizito, kwa hiyo nanyanyua kalamu.

Nilikwenda. Kapteni alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama juani: kona ya pili, utando, daktari, sindano. Nikamwambia sikuja kuomba msamaha, nimekuja kuomba matarumbeta. Akasema hapana. Nikamwambia basi nitasimama hapa mpaka nikohoe damu mbele ya majirani zako, tuone nani atapata aibu. Nilisema kweli, Dada, nilikuwa nimeshachoka kuwa na adabu.

Akataka kunijibu, akakohoa yeye.

Alijaribu kukizuia, akageukia ukuta, akafunika mdomo kwa mkono wa shati, na kikaendelea tu. Nilikitambua. Kile kikohozi nalala nacho. Kumbe amekuwa anakohoa miaka mingi akijificha, ndiyo maana siku zote alituongoza akiwa ametugeuzia mgongo na sisi tukadhani ni maringo. Kilipomwachia akakaa kizingitini. Akaniuliza taratibu, "Ule mtindo wa kuvutia pumzi ndani, nani aliwafundisha?" Anajua jibu. Nikamjibu hivyohivyo: "Wewe, Kapteni." Akaniuliza na marehemu je. Nikakaa kizingitini kando yake. Akalia, yule mzee, bila kujificha, na mimi hasira zangu zote zikaniishia miguuni.

Jumatano wanakuja huko. Wote. Kila mtu na tarumbeta lake, halijaguswa na maji. Kapteni amesema la kwanza kukatwa liwe lake. Mimi sina tarumbeta la kuleta na Sista amenizuia, kwa hiyo wapokee kwa niaba yangu, na umwambie Profesa atafute vikopo vya kutosha.

Mdogo wako,
Honi

30 Mei

Kwako Honi, na kwa wifi yangu, kwa sababu hii nataka asome kwa sauti,

Homa imeshuka? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Walifika Jumatano ile asubuhi, wamevaa sare kama wanakwenda harusini. Mlinzi wa geti akawazuia, akasema leo hapa hakuna burudani. Kapteni akamwambia, "Hatukuja kuburudisha, kijana, tumekuja kukohoa." Mlinzi akafunga geti. Basi wakapiga. Hapohapo nje, matarumbeta yote kwa pamoja, na sauti ikapanda kwenye lile jengo letu la kioo mpaka visahani vikatetemeka kabatini. Watu walijaa madirishani. Profesa akashuka mwenyewe, amekasirika, koti la maabara halijafungwa vifungo.

Kapteni akamsalimia kwa heshima zote, akampitishia tarumbeta lake juu ya geti, akamwambia, "Mzee mwenzangu, vuta pumzi humu mara moja tu. Kisha useme si kitu." Profesa alilisogeza mdomoni, likafika puani kwanza, akalirudisha. Watu wote wa jengo walikuwa wakimtazama. Kisha akamwambia mlinzi afungue geti.

Majibu ni haya. Karibu nusu ya bendi wanaye mdudu huyo. Wengi wao bado hajawafanya kitu, wataosha matarumbeta, watapumulia nje, na tutawafuatilia. Mpiga tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta, na Kapteni wanahitaji dawa sasa. Kapteni mapafu yake yameliwa sana. Aliniuliza kama atapona, sikumdanganya. Akasema basi atibiwe vizuri huyu wa tromboni, ana watoto wadogo. Nikamwambia atatibiwa na yeye pia, apende asipende, na kwamba ukaidi siku hizi si wa bendi peke yake.

Barua ya daktari wako imo humu. Sindano zako amezifuta. Utaanza vidonge vingine, ni vichungu, ni vya muda mrefu, na utanichukia. Kimoja mara chache sana husumbua masikio, nayo hurudi sawa kikiachwa, ila nimesema wakupime kwanza kabla hujameza. Mapafu yako hayatarudi yote, mdogo wangu. Yatakayobaki ni yako.

Ile karatasi ya Profesa imetoweka mezani kwangu, sikuitoa mimi. Anataka matokeo yaandikwe, na anataka mgonjwa wa kwanza aondolewe kwa kuwa ni ndugu yangu. Nimemwambia atabaki wa kwanza, na kwamba ni ndugu yangu tutaandika pia, palepale, kwa herufi zinazosomeka. Anafikiria. Mwache afikirie, mimi nimeshaandika.

Dada yako

11 Juni

Kwa dada yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nje, jua linanipiga kifuani, na sijakohoa tangu nilipoanza mstari huu. Homa imekwisha. Wifi yako anageukia upande wangu tena. Mtoto hajambo, anapuliza chupa siku nzima na kila akimaliza anaiosha, anatumalizia sabuni.

Vidonge ulivyosema ni vichungu ulisema kwa adabu sana. Nameza. Kupuliza bado, wamesema ningoje kifua kikauke. Nitangoja, lakini siachi, hilo uwaambie mapema wasije wakapanga mengine.

Masikio walinipima kabla sijaanza kumeza, kama ulivyoagiza, na leo asubuhi nilikwenda kupimwa tena. Sista yuko likizo, akanipima Daktari mwenyewe. Mlango akaufunga, nje benchi limejaa kama kawaida. Akanikalisha nikitazama ukuta, akasimama nyuma yangu mbali kidogo, akawa ananong'ona maneno nami nayarudia. Meza. Dirisha. Mvua. Kila nikipata anarudi nyuma hatua na kupunguza sauti. Kitabu. Sindano. Nikarudia yote.

Kisha nikadhani tumemaliza. Halafu nikasikia, kwa sauti ndogo kabisa, ndogo kuliko zote, amesema, "Nilikosea."

Hilo sikulirudia. Nilimwambia bila kugeuka, "Daktari, nimelisikia. Sasa fungua mlango, ulirudie kwa sauti."

Alikawia, Dada. Nikasikia viatu vyake vikitembea nyuma yangu, nikasikia kitasa, nikasikia watu wa kwenye benchi wakiacha mazungumzo yao. Akarudia, nami nikageuka: kwenye benchi, fundi viatu alipomtazama mkewe kuuliza amesema nini, mkewe akamshika mkono akamwandikia.

Mdogo wako,
Honi